Bei Tumeiona, Lakini Hisa Zangu Ziko Wapi?

Leo naweka kando habari za kuandika programu, nizungumzie habari za kuzijaribu. Kuna mwenzangu mmoja tuliyewahi kufanya kazi pamoja ambaye anatengeneza kifaa cha mtandaoni cha kufuatilia hisa za Soko la Nairobi. Unafungua akaunti, unaandika hisa ulizo nazo, ulizinunua lini na kwa bei gani, kisha kila siku kinakuonyesha zina thamani ya shilingi ngapi. Bado hakijafunguliwa kwa umma, kwa hiyo sikitaji jina. Aliniomba nikijaribu na nimtafutie watu wengine wa kukijaribu, watu wa kawaida wasio wataalamu wa kompyuta. Nikawatafuta nyumbani, Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Mau Summit.

Nilipata watu saba. Mwalimu mstaafu, mama mwenye duka la mbolea na mbegu, wakulima watatu wa viazi, kijana wa bodaboda, na mama mmoja ambaye hisa zake ziliachwa na marehemu mumewe. Walikitumia kwa wiki tatu, kwenye simu zao wenyewe na kwa bando lao wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza na kuandika.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa. Kifaa hiki kinajibu swali moja vizuri sana: bei ni ngapi leo? Lakini mwenye hisa chache kijijini ana swali lingine linalotangulia hilo: je, hisa bado ni zangu, na matunda yake yanakwenda wapi? Kifaa kinachopiga hesabu ya swali la kwanza bila kugusa la pili kitatoa tarakimu safi zenye habari ya uongo. Kwa maoni yangu hakifai kufunguliwa kwa umma mpaka kirekebishwe hapo.

Kwanza haki yake nimpe. Kurasa ni nyepesi, zinafunguka hata mtandao unapolegea. Kiswahili chake kinasomeka. Bei za siku zinaingia bila kukosa. Waliojaribu wote saba waliweza kufungua akaunti bila mimi kushika simu ya mtu, na anayejua kazi hii anajua hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye maoni yenyewe. Mwenzangu alikuwa ameweka fomu ya maoni yenye nyota moja hadi tano. Watu watano kati ya saba walitoa nyota tano. Ukiishia hapo utafungua chupa ya soda usherehekee. Lakini nilipoangalia kumbukumbu za seva, katika wiki ya tatu ni watu wawili tu waliokuwa bado wanakifungua. Jamani, huku kwetu mgeni akikukaribisha chakula humwambii chumvi imezidi. Unashukuru, kisha kesho hurudi. Nyota tano ni heshima. Ukitaka maoni ya kweli, kaa na mtu, mwambie akuonyeshe anachofanya na simu, halafu unyamaze. Yafuatayo niliyapata kwa njia hiyo.

Hisa zilizokatwa. Mwalimu alinunua hisa 100 za KCB zamani, kabla ya mwaka 2007. Akaandika kama anavyokumbuka: hisa 100, na bei aliyolipa. Kifaa kikamjibu kwa wekundu kwamba amepoteza sehemu kubwa kabisa ya fedha zake. Mzee wa watu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama benki imefilisika. Ukweli ni kwamba mwaka 2007 KCB ilikata kila hisa moja kuwa kumi. Equity ilifanya vivyo hivyo mwaka 2009, na Barclays ya Kenya ilikata moja kuwa tano mwaka 2006. Mwenye hisa 100 za KCB kabla ya kukatwa alipaswa kuhesabiwa kuwa na 1,000 baadaye. Kifaa kilikuwa na tarehe ya kununua, kilikuwa na bei ya leo, lakini hakikujua lolote lililotokea katikati. Kikachukua hesabu ya kabla ya kukatwa, kikaizidisha kwa bei ya baada ya kukatwa. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne angeipatia alama, lakini ni uongo.

Mwenzangu aliniambia kukusanya habari hizo ni kazi kubwa, kwamba hata tovuti kubwa za ng'ambo hununua data ya namna hiyo kwa bei ghali. Hapo sikubaliani naye. New York kuna maelfu ya kampuni. Soko la Nairobi lina kampuni sitini na kitu. Ukataji wa hisa, hisa za ziada na hisa mpya zinazouzwa kwa wanahisa waliopo ni mambo yanayotangazwa hadharani, na ni machache kwa mwaka. Mtu mmoja mwenye jedwali la kawaida la kompyuta anaweza kuyaingiza yote kwa mkono, kuanzia 2004 hadi leo, na bado akabaki na muda wa kunywa chai. Udogo wa soko letu tumezoea kuulalamikia. Kwa mwandishi wa programu ni nafuu.

Gawio. Mama mwenye duka ana hisa 1,000 za Safaricom. Kifaa kilimwonyesha bei ikipanda na kushuka kwa senti, na mchoro wenye mistari. Akauliza, "Na zile pesa za kila mwaka zimeandikwa wapi?" Hazikuwa zimeandikwa popote. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025, Safaricom ilitoa gawio la shilingi 1.20 kwa kila hisa, kwa awamu mbili, 0.55 kisha 0.65. Kwa hisa 1,000 hiyo ni shilingi 1,200. Toa kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwa mkazi wa Kenya, zinabaki 1,140. Mama huyo hana mpango wa kuuza. Kwake bei ni habari ya redio, na gawio ndilo mavuno. Kifaa kimemwonyesha habari ya redio kila siku na kuficha mavuno.

Tena kuna jambo zito zaidi. Ukimwonyesha mtu kwamba tarehe fulani alipaswa kupokea 617.50 (yaani 650 za awamu ya pili ukitoa kodi), unampa uwezo wa kuuliza kama amezipokea. Na hapa kwetu swali hilo lina historia. KenGen iliuzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90 kila hisa, na watu wengi wa vijijini wakanunua hisa kwa mara ya kwanza maishani. Miezi ishirini hivi baadaye zikaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na eneo la Molo likaumia vibaya. Watu walihama usiku. Nyumba zilichomwa pamoja na makaratasi yaliyokuwamo. Anwani ya sanduku la posta iliyoandikwa kwenye fomu mwaka 2006 ikabaki mahali ambapo mwenyewe hakurudi. Kampuni inatuma hundi kule kule ilikoambiwa.

Mmoja wa wakulima wangu wa viazi yuko hivyo hivyo. Anajua alinunua. Hajui ni ngapi alizogawiwa, na hajaona gawio lolote tangu ahame. Kifaa kilipomwuliza "idadi ya hisa," alikaa na simu mkononi kama mtu aliyeulizwa namba ya nyota za mbinguni. Kisha akaandika 500, kwa kubahatisha tu ili ukurasa uendelee. Kuanzia hapo kila tarakimu aliyoonyeshwa ilikuwa hadithi, na kifaa hakikuwa na namna ya kujua.

Magawio yasiyodaiwa hayapotei hewani. Tangu sheria ya mwaka 2011 tuna Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na muda uliowekwa na sheria ukipita, kampuni hutakiwa kuyapeleka huko. Mwenyewe anaweza kuyadai. Lakini nani atadai asichojua kwamba anacho? Mstari mmoja tu kwenye kifaa, "Je, ulipokea gawio hili? Ndiyo / Hapana," na maelezo mafupi ya hatua za kuchukua kwa anayejibu hapana, ungemfaa mkulima huyu kuliko michoro yote.

Hisa zisizouzika. Kijana wa bodaboda alirithi hisa 1,000 za Kenya Airways kutoka kwa mjomba wake. Hisa za kampuni hiyo zilisimamishwa kuuzwa sokoni Julai 2020, zikarudi Januari 2025. Kwa miaka hiyo minne na nusu bei ilibaki palepale, shilingi 3.83. Tulipomwambia kifaa kituonyeshe historia, kilichora mstari ulionyooka kama reli na kuandika "badiliko 0%," kana kwamba huo ni utulivu. Kilimhesabia utajiri wa shilingi 3,830 kila siku, fedha ambazo hakuna mtu sokoni angeweza kumpa. Kuna mwingine mwenye hisa za Mumias, ambazo zilisimamishwa mwaka 2019 baada ya kampuni kuwekwa chini ya meneja mrasimu. Naye akahesabiwa kwa bei ya mwisho. Dawa yake ni neno moja kwenye safu ya bei: HAIUZWI, pamoja na tarehe. Kazi ya dakika kumi.

Rangi nyekundu. Kifaa kinatuma ujumbe kila bei inaposhuka. Wiki ya kwanza mkulima mmoja alinipigia mara tatu akitaka kuuza. Hisa zake zilikuwa zimeshuka kwa senti chache, na jumla ya hasara yake ya siku haikufika bei ya mandazi mawili. Kuuza kwenyewe kuna ada ya wakala, kwa hiyo angelipa fedha za kweli kukimbia hofu ya karatasi.

Chukua Safaricom. Iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5. Ikaanguka chini ya hapo kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2021 ilipita 40, na mwaka 2023 ikashuka chini ya 15. Mtu aliyenunua kwa 5 na kukaa kimya angetumiwa wekundu karibu miaka miwili mfululizo, ilhali muda wote huo bado yuko juu ya bei yake. Wekundu unalinganisha leo na jana. Mkulima analinganisha leo na siku aliyotoa fedha mfukoni. Kulinganisha na jana ni tabia ya mtu anayenunua asubuhi na kuuza jioni, na katika watu wangu saba hakuna hata mmoja wa namna hiyo. Ujumbe uje mara moja kwa mwezi, au siku ya gawio. Na uje kwa SMS ya kawaida, kwani wawili kati ya saba walizima data kabisa kuepuka ujumbe huo usile bando.

Nani anaona? Ukurasa wa pili wa kifaa unaomba namba ya akaunti ya CDS na namba ya kitambulisho, bila kueleza kwa nini. Watu wanne walikataa kuandika. Mwenzangu alipoisoma hiyo taarifa akasema watu wa kijijini wanaogopa teknolojia. Hapana, bwana. Watu hawa hutuma na kupokea fedha kwa simu kila siku tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na hawaogopi kitu. Walichonacho ni kumbukumbu. Francis Thuo and Partners ilianguka mwaka 2007. Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi Machi 2008, mwezi ule ule uuzaji wa Safaricom ulipoanza. Discount Securities ikafuata. Watu walioingia sokoni kwa mara ya kwanza walijifunza mapema kwamba anayekushikia karatasi anaweza kuanguka, na kwamba kurudishiwa ni safari ndefu. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akikuuliza "nani anaona namba yangu?" mjibu kwa heshima. Na kama kifaa hakihitaji namba hiyo ili kupiga hesabu (na hakihitaji, nimeangalia), usiiombe.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha yote. Kifaa hiki ni daftari. Hisa zenyewe hazimo ndani yake. Zimo katika kumbukumbu za CDSC, ile hifadhi kuu ya hisa iliyoanza kazi Novemba 2004, na mwenye akaunti ana haki ya kupata taarifa inayoonyesha alicho nacho. Daftari lina faida pale tu linapolinganishwa na hifadhi. Kwa hiyo tarakimu kubwa kabisa kwenye ukurasa wa kwanza isiwe thamani ya leo. Iwe ni hii: "Ulilinganisha na taarifa yako mara ya mwisho tarehe fulani." Kama hujawahi kulinganisha, kifaa kiseme wazi, na kisikupigie hesabu ya utajiri kama vile kina uhakika.

Nimebakisha jambo moja. Lilitoka kwa yule mama aliyefiwa. Alitumia kifaa siku mbili tu, akaniuliza: "Sasa na mimi nikifa, hii nywila atakuwa nayo nani?"

Sachangwan hilo si swali la utani. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapa barabarani, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kila nyumba hapa inajua namna mtu anavyoweza kutoka asubuhi na asirudi. Mama huyu aligundua hisa za mumewe kwa bahati, ndani ya Biblia, karatasi moja iliyokunjwa. Ilimchukua muda mrefu kupata hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, lakini alipoanza alikuwa na kitu mkononi: karatasi. Sasa tunamwambia mwanawe aweke kila kitu ndani ya simu yenye namba ya siri anayoijua peke yake. Biblia angalau ilifunguliwa.

Mwenzangu anasema mambo ya mirathi ni ya mahakama, si ya mwandishi wa programu. Ni kweli, kifaa hakiwezi kumpa mtu urithi. Lakini kinaweza kuwa na kitufe kimoja kinachochapisha karatasi moja: jina la kampuni, idadi ya hisa, wakala ni nani, gawio linaingia wapi, tarehe ya kulinganisha. Bila nywila, bila namba ya siri. Karatasi unayoweza kumpa mkeo, mumeo au kifungua mimba wako akaiweka anapoweka vyeti vya shule. Nilipomchorea mama mfano wake nyuma ya daftari, alisema hicho ndicho angekilipia.

Kuna atakayesema namtwika mwenzangu mzigo usio wake, kwamba kifaa cha kufuatilia bei kifuatilie bei tu, na anayetaka mengine atafute mahali pengine. Ningekubali kama kifaa kingekuwa cha watu wa maofisi ya Nairobi, wenye wakala wanayempigia simu. Lakini yeye mwenyewe ameandika kwenye ukurasa wake wa kwanza kwamba ni cha mwananchi wa kawaida. Na mwaka 2025 soko liliruhusu mtu kununua hata hisa moja, ambapo zamani kawaida ilikuwa mafungu ya 100. Maana yake wenye hisa chache wataongezeka. Ukiwaita wananchi wa kawaida, jibu maswali yao.

Kwa hiyo orodha yangu kwa mwenzangu ni hii, kwa mpangilio wa umuhimu: tarehe ya kulinganisha mbele ya thamani, historia ya kukatwa kwa hisa, gawio baada ya kodi, na swali la kama limepokewa, neno HAIUZWI, karatasi ya familia, ujumbe mara moja kwa mwezi, na kuondoa ombi la kitambulisho. Hakuna hata kimoja kinachohitaji seva mpya. Vingi ni kazi ya wiki mbili kwa mtu mmoja.

Na wewe msomaji, usisubiri kifaa cha mtu yeyote. Kama ulinunua KenGen mwaka 2006 au Safaricom mwaka 2008 na hujui zimebaki ngapi, nenda kwa wakala wako uombe taarifa ya akaunti yako ya CDS. Hakikisha anwani, namba ya simu na akaunti ya benki ni za leo. Kisha andika kwenye karatasi, umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini. Yule mkulima aliyeandika 500 kwa kubahatisha ameshaomba yake. Mpaka leo bado anasubiri jibu, na amenikataza kumwekea tarakimu yoyote mpaka lifike.